Gari la Zambarau la Odessa

Hamtramck, Michigan
3 Machi 1991

Mwanangu Verlene,

Salamu nyingi kutoka kwa baba yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe pamoja na joto lako la huko Arizona. Mimi sijambo, ila macho ndiyo yananitesa. Daktari anasema ni presha ya macho. Naona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba la ekzosi: katikati kuna mwanga, pembeni hakuna kitu. Hapa naandika nimeweka rula chini ya kila mstari, kwa hiyo ukiona mmoja umempanda mwenzake, usinicheke.

Najua ni miaka kumi na miwili hatujaandikiana. Siandiki kukuomba kitu. Nimeandika kwa sababu nadhani nimelipata gari la mama yako.

Wiki iliyopita Bi. Zofia, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, alinichukua tukanunue viazi kwa binamu yake huko Imlay City. Nikaingia kwenye banda, na chini ya marobota ya nyasi nikaona kitu cha zambarau. Ile zambarau ya kichaa, Verlene, ambayo mama yako aliichagua wakati wenzake wote wanachagua nyeupe. Nikaanza kufukua kwa mikono. Bi. Zofia akanipigia kelele: "Lucius, tumefuata viazi, siyo maiti!" Lakini lilikuwa gari aina ya Challenger la mwaka 1970, viti vyeupe, milango miwili. Kuku wametaga kwenye boneti. Kutu imekula sakafu mpaka unaona majani chini.

Sasa limo uani kwangu. Naliota kila ninapofumba macho. Naota linapita barabarani polepole, halina dereva, na taa zote zinawaka mchana.

Njoo ulione. Au usije, lakini ujue lipo.

Baba yako,
Lucius Tolliver


Tucson, Arizona
29 Machi 1991

Kwako Baba,

Habari za siku nyingi. Mimi mzima. Pole kwa macho.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama jikoni. Sikutegemea uandike, na sikutegemea uandike kuhusu gari hilo.

Mama alilinunua kwa jasho lake. Miaka tisa alisimama idara ya viti ya kiwanda cha magari akishona vya watu wengine, ndipo akanunua gari lenye viti alivyoshona mwenyewe. Wewe uliliuza hata maua ya kaburini hayajanyauka. Nilirudi kutoka kwa shangazi nikakuta uani kuna doa la oili tu. Nilikuuliza kwa nini, ukasema, "Linakula mafuta." Hayo ndiyo maneno niliyosafiri nayo mpaka huku.

Kwa hiyo kabla sijafurahi, nijibu mawili. Kwanza, unajuaje ni lenyewe? Challenger za zambarau zilikuwa nyingi. Pili, kwa nini uliliuza?

Wako,
Verlene


Hamtramck
14 Aprili 1991

Mwanangu mpendwa,

Nimepokea barua yako na nimeshukuru, hata ukali wake nimeushukuru. Hali yangu ni ile ile. Bi. Zofia ameniletea donati zake za jamu, anakusalimu.

Unauliza kwa nini niliuza. Ngoja nikukumbushe mambo yalivyokuwa. Mwaka 1964 kampuni ya Pontiac walichukua injini ya gari kubwa wakaitia kwenye gari la saizi ya kati, wakaliita GTO, na hapo ndipo wazimu ulipoanza. Kila kampuni ikataka kumpita jirani. Tulifunga injini za silinda nane ambazo zingeweza kuvuta nyumba, tukazifunga kwenye magari ya vijana waliotoka kunyoa ndevu kwa mara ya kwanza. Ilikuwa raha, mwanangu. Ukilisikia linawashwa, kifua chako nacho kinawaka. Halafu watu wa bima wakaamka. Serikali ikaanza kuuliza kuhusu moshi. Ikafika 1973, Waarabu wakafunga bomba, watu wakapanga foleni za petroli kuzunguka mtaa, na yale magari yakageuka mzigo. Mwaka aliokufa mama yako foleni zilikuwa zimerudi. Watu walikuwa wanayatupa. Na mimi nikatupa.

Unauliza najuaje ni lenyewe. Jana niling'oa kiti cha nyuma, na ndani ya springi kulikuwa na karatasi. Unazijua zile karatasi, mama yako alizungumzia sana. Kila gari lilikuwa na yake, imeandikwa rangi gani, injini gani, kiti gani, na namba ya gari lenyewe. Wanawake wa idara ya viti wakishamaliza nayo waliisokomeza kwenye springi, maana pipa la taka lilikuwa mbali.

Nimekufungia humu ndani ya bahasha. Nyuma yake kuna maandishi ya penseli, yamefifia. Naona ni mwandiko wa Odessa, ile "k" yake yenye mkia, lakini macho hayanipi maneno. Bi. Zofia angenisomea. Sikutaka. Kama mama yako alisema kitu, jirani asiwe wa kwanza kukisikia.

Nisomee wewe. Na linganisha namba na ile nakala ya hati ya gari la mama yako uliyoondoka nayo.

Baba yako


Tucson
5 Mei 1991

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini macho yamekupa nafuu kidogo. Mimi mzima, isipokuwa nimelia hadi bosi wangu akanirudisha nyumbani.

Ni mwandiko wake. Sikiliza anavyosema:

"Kaa kitako vizuri, wewe uliyenunua. Mimi nimesimama tangu saa kumi na mbili asubuhi. Usimwage soda. O.T."

Basi! Hicho tu! Nimecheka na kulia kwa pamoja, kama mtu mwenye homa. Huyo ni yeye mtupu, Baba. Hata kwa mtu asiyemjua alikuwa anatoa amri. Nimelala mchana nikamwota kasimama kwenye korido ndefu nyeupe, viti vinapita juu kwenye ndoano kama makoti ya kanisani, naye anaviambia kila kimoja kitu sikioni.

Namba nimelinganisha. Zinafanana. Ni lenyewe.

Na bado hujanijibu. Nilikuuliza kuhusu mama, ukanijibu kuhusu petroli.

Mwanao,
Verlene


Hamtramck
9 Juni 1991

Verlene mwanangu,

Salamu, salamu, salamu! Mimi ni mzima kuliko nilivyokuwa tangu nistaafu. Barua yako nimekwisha kuichakaza kwa kuikunja na kuikunjua. Maneno yale nimeyashika kwa moyo. "Usimwage soda." Nayasema nikiwa chini ya gari, Bi. Zofia anadhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Sakafu nimeichomelea upya. Kabureta nimeifungua juu ya meza ya jikoni, kila skrubu nikaiweka kwenye kikombe chake, na nikaifunga tena kwa kupapasa. Vidole vinakumbuka hata macho yakisahau. Jumatano iliyopita injini iliwaka. Mtaa mzima ulitoka nje. Mzee mmoja aliyefunga viti nami kiwandani kwa miaka ishirini alivua kofia.

Nimewaambia wote ni la Odessa. Siku ya Wafanyakazi, mwezi wa tisa, chama chetu cha wafanyakazi kinaonyesha magari ya zamani, na nimeliandikisha kwa jina lake. Wataweka kibao: Odessa Tolliver, idara ya viti. Kiwanda kilishabomolewa, hakuna mahali popote palipoandikwa jina lake isipokuwa makaburini. Sasa litaandikwa kwenye kitu kinachotembea.

Wale jamaa wa maonyesho ni wakali. Wanapita na daftari, wanasoma kila namba. Waje tu! Mimi nina wasiwasi gani?

Swali lako nimelisikia. Bado sijui nitalijibu vipi.

Baba yako


Tucson
2 Julai 1991

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba uketi kabla hujasoma, na kama kuna mtu karibu, aondoke.

Nilikudanganya. Namba hazifanani. Hati ya gari la mama inaishia na nne-moja-saba. Karatasi inaishia na tisa-sifuri-mbili. Niliziangalia mara mia, nikazisafisha kwa mpira wa penseli nikidhani ni uchafu. Ni gari jingine. Mama aliandika ile karatasi, ndiyo, lakini aliiandikia mtu mwingine.

Nilitaka liwe lenyewe. Na baada ya miaka kumi na miwili ya kukukasirikia, nilikuwa nimechoka, nikaona hapa ndipo mahali pa kuacha. Sikujua utaliandikisha mbele ya watu. Siwezi kukuacha usimame pale, huoni, wale jamaa wakusomee namba kwa sauti.

Nisamehe, Baba. Nijibu hata kwa matusi.

Mwanao


Tucson
11 Agosti 1991

Baba,

Wiki ya sita hii. Nimepiga simu, haishikwi. Nimempigia Bi. Zofia, akaniambia, "Yupo uani, anakula, anakoroma, usiniulize zaidi."

Sema kitu.

Verlene


Hamtramck
25 Agosti 1991

Mwanangu,

Usiogope, sijambo. Sikunyamaza kwa hasira. Nilikuwa natafuta jinsi ya kusema, na mimi nikitafuta maneno natafuta kama ninavyotafuta spana siku hizi, kwa kugusa kila kitu.

Kwanza hizo namba. Verlene, mama yako hakuwahi kuweka karatasi kwenye gari lake sahihi tangu azaliwe! Wale wanawake walikuwa wanapiga soga, wanaimba, karatasi ya hili inaingia kwenye kiti cha lile. Sisi wa kufunga viti tulikuwa tunawagombeza kila siku, na wao wanatuambia tukalalamike kwa mama zetu. Kwa hiyo karatasi kuwa na namba nyingine haisemi ndiyo wala hapana. Namba ya kweli iko kwenye dashibodi, upande wa dereva, chini ya kioo. Unajua nilichofanya siku ya kwanza, kabla ya kitu chochote? Niliibandika tepu nyeusi. Sikuisoma wakati macho yalipokuwa bado yanaweza. Sasa namba ndogo kama zile hayaziwezi tena. Kwa hiyo usijione wewe ndiye mwongo peke yako katika ukoo huu.

Maonyesho nimejiondoa.

Sasa swali lako. Siku ya tatu baada ya mazishi ulichukua lile gari ukaenda dukani kununua maziwa. Mimi nilikuwa jikoni. Saa kumi jioni, saa yake ya kutoka kazini, nikasikia injini inaingia uani. Ile sauti. Nikainuka, nikaweka sahani mbili mezani, nikasema, "Odessa, umechelewa." Nilisema hivyo kwa sauti. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba amekufa. Mlango ukafunguka, na ilikuwa wewe, na chupa ya maziwa.

Nilikuchukia. Mungu anisamehe, dakika ile nilikuchukia kwa sababu ulikuwa wewe. Binti yangu wa pekee, amefiwa na mama yake, kaniletea maziwa, na mimi namtazama kama mwizi. Nikajua hilo gari likiingia uani mara nyingine nitakuchukia tena, na labda mara ya tatu nitazoea kukuchukia. Ulipokwenda kwa shangazi yako nikaliuza kwa mtu wa kwanza aliyepita. Nilidhani nauza gari nibaki na mtoto. Nikapoteza vyote viwili, kwa sababu nilikuambia habari za mafuta.

Daktari anasema bomba linaziba. Anasema ikifika Krismasi, labda sitaona kabisa. Sikuombi kwa ajili ya gari. Nataka kukuona uso.

Baba yako


Hamtramck
8 Desemba 1991

Mwanangu Verlene,

Mimi ni Zofia Pawlak ninayeandika, baba yako anasema na mimi naandika. Anasema niandike kila neno, nisiongeze. Sijaongeza.

Salamu kutoka kwa baba yako. Natumaini ulifika salama na joto la Arizona lilikupokea. Mimi sijambo. Macho yamefunga, yote mawili, tangu wiki ya sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba. Usilie. Hayakuuma. Ilikuwa kama ukungu unapoingia kutoka mtoni, unaujua unakuja, na unakaa tu barazani kuungoja.

Ulipokuja kwangu mwezi wa kumi, zile siku tisa, nilikutazama kwa uroho. Ulidhani nimelala kwenye kiti, sikulala. Nilikuwa nakupitisha kwenye lile tundu dogo la macho yangu kipande kwa kipande, sikio, nyusi, ile mvi uliyoificha. Vyote ninavyo.

Na lile jingine pia nalijua. Asubuhi ya pili ulitoka uani kabla ya chai, na mimi nilikuwa dirishani. Nilisikia tepu ikibanduka. Halafu nikasikia kimya. Kama lingekuwa gari la mama yako, ungepiga yowe mpaka Zofia angetoka na mwiko. (Ni kweli, ningetoka. Z.) Ukairudisha tepu taratibu, ukaingia ndani, ukaniambia, "Baba, mayai uyatakaje?" Sikukuuliza, na sasa pia sikuulizi. Huko Imlay City walifuga kuku juu ya gari la watu nisiowajua, na mimi nimelitengeneza. Basi.

Ninachotaka kukuambia ni kuhusu Alhamisi. Ulichukua lile gari la zambarau ukaenda kununua nyanya na mkate, nami nikabaki jikoni. Ilikuwa yapata saa kumi. Nikasikia injini mwanzo wa mtaa, ikapunguza mwendo penye kona, ikaingia uani, ikazimwa. Nilikuwa nimeogopa sauti hiyo miaka kumi na miwili, na mkono wangu ulikuwa umeshika meza.

Nilijua ni wewe, Verlene. Nilijua kabla ya mlango kufunguka, na nilitaka iwe wewe.

Ni mimi,
Baba