Taa ya Kijani ya Lango la Ghala

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa. Kazini anaitwa Bi Vipimo.
Umri: miaka 38.
Kazi: msanifu na mpimaji, karakana ya kadi za mawasiliano.
Makazi: ghorofa ya pili, nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Uhusiano na mtuhumiwa: mke wa mwanawe.
Yameandikwa tarehe 23 mwezi wa tatu, kuanzia saa 3:15 asubuhi.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Mlinzi mnayemshikilia kwa moto wa ghala la magodoro ni baba mkwe wangu. Najua utasema nimekuja kumtetea kwa sababu ya undugu. Afande, nisikilize kwanza mpaka mwisho.

Kadi ya mawasiliano, yaani bamba la kielektroniki lililo kwenye meza ya lango, niliisanifu mimi. Inapokea data kwa kasi kubwa mno kutoka kwa kamera za moshi ghalani. Moshi ukionekana, picha inafunguka na king'ora kinalia. Siku nyingine zote mlinzi anaona taa ya kijani tu, maana yake mawasiliano yapo.

Kuipima hatuhitaji kamera. Ndani ya kadi niliweka njia fupi inayochukua data inayotumwa na kadi na kuirudisha kwenye kipokezi cha kadi hiyo hiyo. Kikiisoma bila kosa, taa inawaka. Njia hiyo inafunguliwa na jampa, kijipande cha plastiki chenye chuma ndani, kidogo kama punje ya mchele. Ukimaliza kupima unalichomoa. Ukilisahau, kipokezi kinaendelea kujisikiliza chenyewe, na taa inawaka vilevile. Mwenzangu wa meza moja aliwahi kuniambia niongeze taa ya njano ya kuonya kwamba kadi bado iko kwenye kipimo. Nilimjibu, "Unataka kadi au duka la taa?" Tukacheka. Natamani angenizaba kibao.

Mnamo tarehe 11 mwezi wa pili, saa 4 asubuhi, nilipima kadi ishirini. Kila jampa nikilichomoa nalitia kwenye kopo la maziwa. Katikati ya kazi nilipigiwa simu na shule kwamba mwanangu ana homa. Niliporudi mezani nikamalizia haraka haraka, nikahesabu kopo. Yalikuwa kumi na tisa. Nikainama chini ya meza, sikuona kitu. Nikafungua droo, nikatoa jampa jingine, nikalitumbukiza ili yatimie ishirini. Nikasaini kadi zote kwamba zimepita. Fundi aliyekwenda kufunga hakujaribu kwa moshi, kwa sababu aliiamini saini yangu. Simlaumu hata kidogo.

Mnamo tarehe 14 mwezi wa tatu, saa 7:20 mchana, ghala liliwaka. King'ora hakikulia. Mtunza ghala, mama wa watoto wawili, alitolewa hajitambui na mpaka leo yuko hospitali. Baba alisema hakuondoka kwenye kiti na taa ilikuwa ya kijani tangu asubuhi. Nani alimwamini? Hata mume wangu alisema, "Baba kachoka, alisinzia tu." Nilikuwa namimina chai, nikaendelea kumimina.

Tarehe 19, saa 10 jioni, nilimtembelea baba hapa mahabusu. Aliniuliza, "Mwanangu, wewe ndiye fundi. Ile taa inaweza kuwaka na huku hakuna kinachokuja?"

Nikamjibu papo hapo, "Haiwezi, baba."

Nilijibu kwa kiburi cha kazi yangu, hata sikufikiri. Akasema, "Basi huenda nililala." Kesho yake akakuambia wewe hivyohivyo, nawe ukaandika.

Nilikuwa sijamaliza kushuka ngazi za kituo hiki nilipolikumbuka lile kopo. Ningeweza kurudi dakika ile ile. Sikurudi. Siku nne nimeuchuna, nikihofia kazi yangu na mume wangu. Nilimletea baba chakula kila siku, akala, akanishukuru. Akanishukuru, afande! Nafsi inanisuta mpaka sili.

Mzee yule hajawahi kulala kazini. Mimi ndiye niliyemfanya aamini kwamba alilala. Fungueni hiyo kadi, mtalikuta jampa pembeni mwa kipokezi.

Sina la kuongeza. Nimesomewa niliyoyasema, ni yangu, na nayatia sahihi bila kulazimishwa.

Sahihi ya shahidi: imetiwa.

MAELEZO YA MPELELEZI: Kielelezo namba 4, kadi ya lango, kimefunguliwa mbele ya shahidi. Jampa limekutwa mahali alipopataja. Saa 4:50 asubuhi kadi imewashwa, jampa likiwa bado mahali pake. Nimechomoa waya wa kamera uliobaki kwenye kadi kwa mkono wangu. Taa imebaki ya kijani. Nimeagiza mtuhumiwa aletwe ashuhudie. Ameitazama taa, akautazama waya mkononi mwangu, kisha akamgeukia shahidi na kusema: "Kumbe sikulala, mwanangu."