Risasi za Shimo na Mkono wa Ramon

Kwa Kaka Mwakio,

Natumaini karatasi hii inakukuta mzima hapo Kasigau, na goti la Mama limetulia. Mimi Mungu amenipendelea mpaka naona haya. Huku Alaska ndimi mkuu wa bunduki wa kambi yetu ya wavuvi. Bosi hanunui risasi kabla sijasema ndiyo.

Dubu wa huku, Kaka, ni nyati aliyevaa blanketi. Anayeenda mtoni lazima abebe bastola kubwa, nzito kama pasi ya makaa. Basi siku moja bosi aliniwekea paketi mbili za risasi mezani. "Wewe umetoka kwa tembo," akasema. "Chagua."

Za kwanza zilikuwa ngumu, ncha bapa, hazina sura. Za pili zinang'aa, zina shimo nchani, zikigonga nyama zinafunguka kama ua. Nikasema, "Hizi za shimo. Kwetu hata nyati tunamlaza nazo."

Na wewe, askari wa ranchi pale Ndara, ulishaniambia: mnyama mnene anataka risasi ngumu, isiyofunguka, ifike ndani. Nilikusikia. Lakini zile zilikuwa nzuri, na watu walikuwa wananiangalia.

Aliyebeba bastola ni Ramon, mpishi wetu Mfilipino, mzee anayeniita mwanangu. Alienda kuchota maji, dubu akatokea. Ramon alimpata begani, barabara, mara mbili. Risasi zilifunguka juu juu zikaishia kwenye mafuta. Mpaka wenzetu wafike na kumfukuza, dubu alikuwa ameutafuna mkono wa kulia wa Ramon.

Nilienda kumwona hospitali. Akaniuliza, "Mwanangu, hao nyati wenu ni wembamba kiasi gani?" Akacheka. Mimi nikaangalia dirisha.

Sasa Mama anasema unataka kuacha kazi Ndara unifuate kwenye bahati yangu. Usiache, Kaka. Nakuomba.

Nisalimie Mama, na shemeji Wakesho mkeo, na Mjomba Mghanga anayelala shambani. Mahindi yakianza kukomaa najua tembo hawampi usingizi.

Mimi si mkuu wa bunduki. Bosi aliniuliza mara hiyo moja tu, kwa sababu nilimdanganya kwamba nimewahi kuangusha tembo, na wewe unajua silaha pekee niliyomwonyesha tembo maishani ni debe la Mama, nikiligonga ili atoke shambani. Kazi yangu ni kuosha sufuria. Tangu Ramon aumizwe, nakata na vitunguu vyake.

Mdogo wako,
Mwadime