Gari Linalozima Likipunguza Mwendo

Jumanne. Upepo wa Sumbawanga leo unaingia hadi kwenye mifupa, na mimi nimenuna tangu asubuhi.

Gari letu lina ugonjwa. Likikimbia ni zima kabisa, ila ukipunguza mwendo tu, injini inazima. Juzi tukitoka kanisani ilizima mteremkoni. Usukani ukawa mgumu, mume wangu akapigana nao, Salome wetu akalia hadi nyumbani.

Kinachoninyima usingizi hasa ni mita ya kilometa. Tangu tununue hii pikapu naichungulia kila jioni, kama wenye magari wote mjini wanavyowafanyia madereva wao. Baba Salome aliniona, hakupenda. Muda si mrefu mshale ukalala kwenye sifuri, na namba za kilometa zikaacha kusogea. Anasema anaishia Chanji, hapa hapa mjini, kubeba matofali, lakini tangi linarudi tupu.

Mtu wa Chanji gani huyo anayemaliza tangi?

Leo alikwenda msibani kwa miguu, nikamwita Fundi Deus, jirani yetu hapa Majengo. Alilala chali chini ya dashibodi, akatoka na ncha mbili za waya.

"Mama Salome, huu panya hajaugusa. Huu ni wembe."

Akanieleza taratibu. Kwenye giaboksi kuna sensa ya spidi, kidude kinachopima mwendo, na waya wake unapeleka habari kwenye mita na kwenye kompyuta ya injini. Ukikatwa, kompyuta haijui gari linatembea au limesimama, na ukiachia mafuta injini inakufa.



Zamani Baba Salome aliendesha lori la ushirika. Mara ngapi nimemsikia akicheka na wenzake jinsi walivyokuwa wakichomoa kebo ya mita ili bosi asijue wamekwenda mbali kiasi gani! Lori lile halikuwa na kompyuta. Haya magari yaliyomiminika na soko huria yana akili zake, naye hakujua.

Au alijua? Juzi mtoto alikuwa amekaa katikati yetu. Nina hasira.

Nilimwambia Deus aunge waya na afunge mdomo. Akaunga, akazunguka mtaa, mshale ukapanda na injini haikuzima.

Jioni nilimtuma Baba Salome na gari akalete mkaa. Nilitegemea arudi akishangilia kwamba limepona. Alishusha gunia, akatundika funguo msumarini, akanawa, akala ugali wake wa ulezi wote. Halafu akasema bila kuniangalia:

"Kesho nitatumia baiskeli ya kaka."

Nikamjibu sawa. Nikaenda kuosha sahani ambazo zilikuwa safi.

Baiskeli haina mita. Kesho, kabla hajaitoa nje, itabidi nimuulize kwa mdomo wangu mwenyewe: unakwenda kwa nani?