Wagonjwa wa Siku ya Mtihani

Hospitalini, Malindi
Jumanne jioni

Kwako dada yangu mpendwa Zipporah,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Natumai barua hii itakukuta na afya, na kwamba kazi za watu hazikuchoshi sana. Mama kule Kakuyuni hajambo, ila goti humsumbua akipalilia. Simu yako haishiki tangu mwezi jana, kwa hivyo nampa Radhia, anayerudi huko kazini kwenu kesho, akukabidhi mkononi. Nakuomba uisome ukiwa umekaa.

Mwanao Kanze amelazwa tangu jana. Ametundikiwa maji, na daktari asema anaendelea kupata nafuu. Nitakueleza ilivyoanza.

Shuleni kwetu hapa Muyeye siku hizi hakuna nyimbo wala hadithi. Watoto wa gredi ya tatu, wa miaka minane tu, ni majaribio asubuhi na majaribio jioni, wakiandaliwa kwa mtihani wa pamoja wa shule zote za hapa. Mwaka jana darasa la Mwalimu Dzombo lilishika mkia. Mwalimu Mkuu, Bwana Nicholas, alimsimamisha mbele ya wazazi akamwuliza mshahara anaula kwa kazi gani. Dzombo alikuwa mcheshi, dada. Sasa haachi fimbo, na watoto wakisikia viatu vyake mlangoni hujikojolea.

Mwaka huu zamu ni ya darasa langu, na Kanze yumo. Kusoma kwamwia kugumu, wewe wajua, ingawa ukimsimulia jambo halisahau. Mwezi huu alianza kujing'oa nyusi. Nilipomwuliza, alisema zamwasha.

Wiki jana Bwana Nicholas aliniita ofisini, akafunga mlango. Alisema watoto wanaotushusha wasionekane Jumanne na Jumatano, siku za mtihani, wala hataki kujua nitafanyaje. Nikamkumbusha kuwa mmoja wao ni mtoto wa dada yangu. Akanijibu kwamba basi huyo ndiye atakayekuwa rahisi.

Sikubisha. Nilimwona Dzombo machoni mwangu. Ijumaa niliwabakisha watoto watano wenzao walipotoka, nikawaambia kwamba siku hizo mbili wao ni wagonjwa, wasije shule. Kanze akauliza itakuwaje asipougua. Nikamjibu kwa ukali kwamba lazima augue.

Jumapili alikwenda nyuma ya nyumba ya jirani, akanywa maji ya mtaroni. Daktari alipomwuliza kwa nini, alisema mwalimu aliwafundisha kuwa maji machafu huleta maradhi, naye hakutaka kusema uongo. Somo hilo nililifundisha mimi.

Leo jirani amekaa naye hapa, nami nimekwenda kusimamia mtihani, madawati ya wale watano yakiwa matupu. Bwana Nicholas alinipa mkono wa hongera.

Nimefika hapa katika kuandika, Kanze ameamka. Ameniuliza Sanga amelazwa kitanda gani. Sanga ni rafiki yake, mmoja wa wale watano. Nikamwambia Sanga hayuko hospitali. Akasema kwa upole kwamba lazima yuko, maana yeye mwenyewe alimjazia chupa.

Kwao Sanga hawana simu. Nesi amekubali kumwangalia Kanze, nami naondoka sasa hivi. Wasalimie wenzako wote. Mimi usinisamehe kwanza, dada. Mwombee mtoto wa watu.

Ni mimi mdogo wako,
Gladys