Anti Nafula, Bado Unapokea Mahindi

Anti,

Tangu tukuzike kijijini Myanga, mimi ndiye ninayekaa kwenye kiti chako pale ushirika wa wakulima, Kitale. Nimemaliza shule, Fomu Foo, na Bwana Simiyu, meneja, alisema afadhali yule uliyemfundisha mwenyewe. Watu bado sijawazoea. Wakinisalimia mlangoni najibu nikiangalia kibodi.

Nakuandikia habari za kompyuta kwa sababu nyumbani hakuna mwingine wa kumweleza. Unakumbuka zile amri zako mbili: MPE ya kumruhusu karani aingie kwenye rekodi za mahindi, na MNYIME ya kumzuia. Zote mbili ulikuwa unaziambia mtu na tawi. Ulipolazwa, Bwana Simiyu aliandika MNYIME upya, na 'tawi' akaliita 'kituo'. Na amri zetu zikikutana na neno zisilolijua, zinaliruka tu kimya.

Karani Jentrix alipohamishwa kwenda tawi la Bungoma, Bwana Simiyu alitaka kumfungia Kitale pekee. Akaandika 'tawi' kama alivyozoea kwenye MPE. Amri ikaliruka, na kwa kuwa haikupewa kituo, ikamfungia matawi yote. Wakulima wamepanga magunia Bungoma, na Jentrix hawezi kuandika hata moja. Akapiga simu.

"Si uingie na akaunti ya Nafula, bana," Bwana Simiyu akamwambia. "Hiyo haijazuiwa mahali."

Akaingia kwa jina lako. Makarani wengine wakaona ni rahisi, wakafuata. Kwa hivyo kwenye rekodi, Anti, bado unapokea mahindi. Juzi mzee mmoja wa Saboti alisoma risiti yake, "Imepokewa na Nafula," akauliza, "Ati nani? Si nilikuwa kwa matanga yake?"

Mimi nilitoka nje kidogo.

Niliporudi nilienda kwa Bwana Simiyu. Nilimwambia maneno uliyoniambia tukimenya viazi: nyumbani unaitwa Nafula, kanisani Rose, sokoni Mama Viazi, na sote tunajua ni wewe. Kompyuta haijui. Kitu kimoja kiitwe jina moja kwa kila amri.

Kisha akasema, "Rekebisha basi. Halafu Nafula tumtoe."

Nimerudisha 'tawi', na sasa amri ikiletewa neno isilolijua inakataa na kusema hailijui. Jentrix anaingia kwa jina lake. Iliyobaki ni akaunti yako. Ya Bungoma nimeshafunga. Ya Kitale iko kwenye skrini, nimeandika yote: MNYIME, mtu nafula, tawi kitale. Sijabonyeza. Nilitaka kukuambia kwanza.

Magunia uliyopokea ukiwa hai yatabaki na jina lako, hayo siyagusi. Na kila amri nitakayoandika, mtu ataitwa mtu na tawi litaitwa tawi, hata nikiwa peke yangu ofisini.

Sasa nabonyeza. Pumzika, Anti. Mahindi tutapokea sisi.

Nekesa wako