Mkono wa Baba na Prosesa ya Bei Kali

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha mbele,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mume wako na wapwa zangu, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Mama alikuota juzi, akasema umekonda. Ukipiga simu mwambie unakula vizuri, hata kama hajakuuliza.

Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua akipanda ngazi tu, akishuka hana habari nayo. Dada yetu wa kati amepandishwa cheo kule benki, na sasa anaongea na sisi kama wateja. Mke wangu anakusalimu sana. Ndiye aliyeniambia niandike, na ndiye aliyefunga mlango ili nisiitweitwe.

Najua utashangaa kupata barua wakati tunaongea kwenye simu kila wiki. Dada, kwenye simu wewe hunisamehe kabla sijamaliza kusema. Hii nataka uisome mpaka mwisho, ndipo uamue.

Ni habari ya ile kompyuta ya Baba.

Unajua ilivyoanza. Baada ya kiharusi, daktari alimkataza kabisa kushika usukani. Mtu aliyeendesha malori ya trela maisha yake yote, ambaye madereva wenzake walimwita Taratibu kwa kuwa hakuwahi kukwaruza hata kioo cha pembeni, akabaki sebuleni anasikiliza magari yanayopita nje na kutuambia lipi lina gia mbovu. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito kama si wake. Daktari wa mazoezi ndiye aliyetoa wazo: kuna gemu la kuendesha malori, linachezwa kwa usukani wa kufunga mezani na pedali za chini, na mgonjwa wake mmoja limemchangamsha mkono. Wewe ukasema hilo lako, ukatuma pesa ya mashine nzima, na mbele ya wote ukasema, "Mtaalamu, nakuachia wewe."

Jina hilo nimelizoea vibaya. Kwa kuwa ofisini ndimi ninayekwamua printa, na nyumbani ndimi ninayefufua simu zilizoanguka kwenye ndoo, watu wamelifanya ndilo jina langu, na mimi nikalivaa.

Nilisoma sana kabla ya kwenda dukani. Kompyuta ya gemu ina vitu viwili vinavyogombania mfuko mmoja. Kuna prosesa, yaani ubongo unaopiga hesabu, na kuna kadi ya michoro, ambayo ndiyo inayochora kila unachokiona kwenye skrini. Kwa gemu kama la Baba, prosesa ya bei nafuu inatosha kabisa, mradi kadi iwe na nguvu. Ukichukua prosesa ya bei kali halafu ukabakiwa na kadi dhaifu, umeajiri mpishi hodari anayepakua kwa kijiko cha chai. Hayo nilikuwa nayajua, Dada. Sitaki umwambie mtu kwamba sikujua.

Duka lenyewe liko ghorofani, juu ya duka la mapazia. Muuzaji, mama mmoja mpole anayetafuna jojo, aliniwekea maboksi mawili juu ya kaunta: prosesa ya nafuu na ile kubwa. Nilikuwa nimeshaamua. Mkono ulikuwa umeshashika boksi la nafuu. Ndipo nikasikia viatu vinapanda ngazi, na nikavijua kabla sijageuka. Alikuwa Shemeji, mume wa dada yetu wa kati.

Siku chache kabla ya hapo, mezani kwa Mama, Shemeji alikuwa amesema kwamba watu huwanunulia wazazi wao vitu vya bei chee, vikiharibika wanashangaa. Hakumtaja mtu. Lakini mimi nilikuwa nimekaa na kijiko mdomoni, nikaona ni mimi.

Akasimama nyuma yangu, akanigusa bega, akasalimia. Muuzaji akauliza, "Basi nikufungie hii ya nafuu?"

Neno hilo lilinichoma kisogoni. Nikarudisha boksi. "Hapana," nikasema, "nipe ile kubwa. Ni ya mzee wangu." Nikalisema kwa sauti, lisikike mpaka mlangoni. Pesa iliyobaki ikatosha kadi ya kuanzia tu. Muuzaji aliniuliza mara mbili kama nina hakika, na mara zote mbili nikajibu kama mtu aliyetukanwa.

Siku ya kuiwasha walikuja wote. Nilikuwa nimeliweka boksi la prosesa juu ya kabati, upande wenye maandishi ukitazama watu, na nilishamweleza kila aliyeingia kwamba hakuna kubwa kuliko hiyo. Baba alikuwa amevaa shati la mikono mirefu na viatu, kama anayekwenda kupakia mzigo. Akakaa. Akarekebisha kiti. Akatafuta kioo cha pembeni kwenye skrini, akakiona, akatabasamu peke yake.

Halafu akaondoa lori, na picha ikaanza kuja kwa vipande. Akikata kona, lori linafikiri kwanza. Akiongeza kukata, linakata mara mbili kwa mpigo. Likapanda ukingo wa barabara, likashuka, likaenda kugonga geti la yadi. Akajaribu tena, akagonga geti lile lile. Mimi nilishaona tatizo kabla hajafika getini. Niliinama nikashusha ubora wa picha mpaka miti ikawa kama mifagio, bado. Kadi ilikuwa haiwezi.

Baba akaachia usukani, akautazama mkono wa kushoto. "Ni huu," akasema. "Umekwisha."

Dada, maneno "ni mashine, Baba" yalifika mpaka kwenye meno. Nikatazama watu waliojaa chumbani, nikalitazama boksi juu ya kabati, nikayameza. Nikasema, "Utazoea, Baba."

Alijaribu mchana kadhaa. Nilikuwa nikimkuta ameinama mbele ya skrini, jasho kwenye paji la uso, anarudia kona moja. Kisha akaacha. Mama akaitandikia mashine kitambaa cha meza na kuweka redio juu yake. Baba akaanza kuutazama ule mkono kama bosi anavyomtazama mfanyakazi aliyemwibia. Daktari wa mazoezi alipokuja, akaambiwa mzee amelala, na mzee alikuwa macho, tena kavaa. Wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo.

Ndipo ukapiga simu ile. Alikueleza mwenyewe kwamba amejaribu na ameshindwa, na wewe, kwa upendo wako, ukamwambia umri ni umri, Baba, umefanya kazi sana, pumzika. Aliitikia, "Ndiyo mwanangu, ni kweli." Simu nilikuwa nimemshikia mimi, sikioni, kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa na kikombe cha chai, na kwa wa kushoto hakutaka kuishika. Nilisikia kila neno lako. Ukanishukuru na mimi, ukasema angalau tulimpa kitu bora kabisa. Nikakuambia usijali, Dada. Hilo ndilo linalonifanya nishindwe kukutazama hata kwenye picha ya sebuleni.

Kilichonivunja ni kitu kidogo. Asubuhi moja nilipita kabla ya kazi nikamkuta Mama anamfunga Baba vifungo vya shati. Alikuwa ameshajifunza upya kuvifunga mwenyewe, unakumbuka jinsi alivyotuonyesha kwa maringo. Sasa alikuwa ameinua kidevu kama mtoto, anatazama ukuta. Aliponiona, akasema bila hasira yoyote, "Mkono umestaafu baada ya mwenyewe." Mama akacheka kidogo ili asilie. Nilitoka nikasimama nje ya mlango na funguo mkononi, sijui ninakwenda wapi.

Usidhani nilirudi ndani kusema ukweli. Nilitafuta njia ya kurekebisha kimyakimya. Ile prosesa nikamuuzia mpiga video za harusi, mtu ambaye kazi yake inaihitaji kweli, akaifurahia. Nikanunua ile ya nafuu, ambayo iliingia pale pale ilipotoka nyingine, pamoja na kadi ya michoro yenye nguvu. Baba alipokuwa amepelekwa kunyolewa nikaibadilisha. Nilijaribu mwenyewe: barabara ikateleza kama maji. Nikafurahi, Dada, nikajiona nimepona. Mpango wangu ulikuwa Baba akae, aendeshe vizuri, aamini mkono umerudi wenyewe, na mimi nibaki Mtaalamu.

Jumapili iliyopita, baada ya chakula, nikamwambia, "Baba, hebu jaribu tena kidogo."

"Hapana."

"Mara moja tu."

"Nimeshajiaibisha vya kutosha mbele ya wajukuu," akasema. "Kampe mtu mwingine hiyo mashine."

Nikabembeleza. Mama akabembeleza. Shemeji, aliyekuwa amekuja na dada yetu wa kati, naye akasema mzee usikate tamaa. Baba akageuza kiti chake, akatupa mgongo. Nikaona hakai pale mpaka ajue kwa nini alishindwa. Mke wangu alinitazama tu. Yeye nilikuwa nimeshamwambia.

Nikasimama katikati ya chumba nikasema yote. Prosesa na kadi, boksi la nafuu mkononi mwangu, viatu kwenye ngazi. Nilipofika hapo Shemeji akashika kifua. "Mimi?" akasema. "Siku ile nilipanda kutafuta chaja. Hata sikuona ulichonunua." Alikuwa mkweli. Nilimwona usoni. Mtu niliyemwogopa mpaka nikamponza baba yangu hakuwa ananitazama kabisa.

Baba alikuwa bado ametupa mgongo. Akauliza, "Ulijua lini?"

"Siku ile ile, Baba. Kabla hujagonga geti."

"Ukaniambia nitazoea."

"Ndiyo."

"Na dada yako aliponiambia habari ya umri, simu uliishika wewe."

"Niliishika mimi."

Mama akainuka, akaingia jikoni, na hatukusikia chombo hata kimoja. Kisha Baba akauinua mkono wa kushoto, akauweka juu ya goti, akaufunika kwa wa kulia.

"Mimi nimeutukana mkono huu," akasema. "Asubuhi na jioni, nimeutukana."

Nilitamani anitukane mimi. Hakunitukana. Aliinuka, akaondoa redio, akavuta kitambaa. "Iwashe," akasema.

Nikaiwasha, nikakaa mbali. Aliendesha taratibu sana, hamwamini mtu, si mashine, si mkono, si mimi. Mkono wa kushoto ulitetemeka kwenye kona ya kwanza, ya pili ukatetemeka kidogo. Akafika yadi. Geti lilikuwa wazi, akapita. Akasimamisha lori, akatazama vioo, akaanza kurudisha trela nyuma kwenye nafasi nyembamba, mdomo umefunguka kidogo kama alivyokuwa akifanya zamani. Akaliingiza mara moja, bila kusahihisha. Akavuta breki ya mkono. Dada yetu wa kati ndiye aliyelia, huyo huyo wa benki.

"Mama yao," Baba akaita jikoni, "kesho mpigie daktari wa mazoezi. Mwambie sijalala."

Sasa anaendesha kila siku alasiri. Vifungo anafunga mwenyewe, kwa kelele, ili tujue. Kikombe anakiinua kwa kushoto kikiwa nusu. Daktari wa mazoezi anasema zile wiki alizoacha zimemrudisha nyuma, na kwamba atazifidia, lakini si zote kwa haraka. Nakuandikia hilo bila kulipunguza. Zile wiki ni zangu.

Nina maombi mawili. La kwanza, mpigie Baba uyafute yale maneno ya umri. Usimpe pole. Muulize amebeba mzigo gani na anaupeleka wapi, atakueleza mpaka simu iishe chaji. La pili, usinitetee kwa Mama. Bado ananiwekea chakula bila kunitazama, na ana haki. Najua wewe ungetaka kuliweka sawa kwa simu moja. Mwache amalize mwenyewe.

Baba naye haongei na mimi sana. Ananiambia washa, zima, basi. Ila jana nilikuwa nimekaa kule karibu na mlango, mahali pangu siku hizi, na yeye anakaribia makutano ya barabara. Tangu kiharusi, jicho la upande wa kushoto halioni vizuri pembeni. Akasema bila kugeuka, "Sogea hapa. Niangalizie kushoto."

Nikavuta kiti, nikakaa bega kwa bega naye.

"Kuko wazi?" akauliza.

Nikatazama, nikatazama tena. "Kuna gari linakuja, Baba," nikasema. "Ngoja."

Akangoja.

Nisalimie mume wako, umwambie ile suruali aliyonitumia imenikaa vizuri. Wasalimie wapwa, mkubwa na wale pacha, na umbusu kichwani yule mdogo ambaye sijamwona. Msalimie pia shangazi akija kukutembelea, ila barua hii usimsomee. Mungu akulinde njiani na kazini, akupe usingizi mzuri, na akurudishe kwetu Baba akiwa bado anafunga vifungo vyake.

Mdogo wako akupendaye, na mwenye aibu mbele yako,

Kitindamimba wenu