Kokoto za Mwalimu Halvard

Bakkevegen 14,
Granmoen.
11 Aprili, 1996.

Mpendwa wifi yangu Ingunn,

Pokea salamu kutoka huku kwenye friji. U hali gani? Mguu umeacha kuvimba, au bado unamdanganya daktari kwamba unaupumzisha? Na shemeji Reidar, bado anakwenda kuogelea kila asubuhi na ule mwili wake mweupe? Mimi mzima, nashukuru, ila mgongo na subira ndivyo vilivyoniishia. Mgongo utapona.

Picha yenu imefika. Mmekaa barazani huko Hispania, mikono wazi, nyuma yenu mlimau umejaa malimau. Asante sana. Niliibandika jikoni kando ya dirisha, kisha nikaigeuza itazame ukuta, maana dirishani hakuna cha kuona isipokuwa lundo la theluji. Usikasirike. Nitaigeuza tena mwezi wa tano.

Theluji hii imenifika hapa shingoni. Ilianza mwezi wa kumi tukaifurahia kama watoto. Sasa Pasaka imepita na bado ipo, ya kijivu, ngumu kama jiwe, na mavi ya mbwa ya majira yote yanajitokeza moja baada ya jingine. Mchana paa linadondosha maji, usiku maji yanaganda, asubuhi ngazi ya mlangoni inang'aa kama kioo. Nimemwaga majivu, nimemwaga chumvi, nimepasua kwa shoka. Sanduku la barua nimelichimbua mara tatu. Mara ya tatu lilitoka bila mlango.

Naye mwanangu Synnøve, unamjua, ameniletea misumari ya kufunga chini ya viatu nisiteleze, pamoja na amri. Kila jioni anapiga simu kutoka mjini: "Mama, leo hukutoka, sivyo?" Namjibu sikutoka. Mungu anisamehe. Natoka kila siku, na wewe unajua ninakokwenda.

Katika barua ya Krismasi nilikuandikia kwamba kaka yako Torgeir amezoea pale nyumba ya wazee. Ni kweli, amezoea. Kitu ambacho sikukwambia ni kwamba siku nyingi hanijui. Ananiamkia vizuri, ananiuliza kama nimetoka mbali, ananikaribisha kiti. Miaka arobaini na tisa ya ndoa, Ingunn, halafu mume wangu ananikaribisha kiti kama mgeni. Nilishindwa kuyaandika hayo wakati ule. Unisamehe.

Lakini sikiliza. Mwezi wa kumi na moja nilikwenda kwa sleji, ile ya kutelezea barafu, ya kiti mbele na vyuma viwili virefu vya kusimamia nyuma, aliyoitengeneza Torgeir mwenyewe mwaka tuliooana. Chumba chake kiko konani, chini ya kilima, na dirisha lazima liachwe wazi kidogo hata baridi iwe ya kuua. Nilikuwa bado nateremka, sijafika hata getini, nikasikia sauti yake: "Aslaug! Punguza mwendo hapo konani, utavunja shingo!"

Ameniita kwa jina langu! Vile vyuma vikipita juu ya barafu vina mlio wake, na masikio yake bado yanaujua hata kama macho hayanijui mimi. Nikiingia ndani ananijua kwa nusu saa hivi, siku njema hata zaidi, na ananigombeza kwa jinsi nilivyopanga kuni. Wewe utacheka, lakini nimeikosa mno sauti hiyo ya kugombeza. Siku Synnøve aliponipeleka kwa gari, nikawa mgeni. Nikajaribu kwa miguu, mgeni vilevile. Basi naenda kwa sleji, na kwa sleji tu.

Sasa ndipo anapoingia Mwalimu Halvard, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, yule aliyemfundisha Synnøve hesabu. Mwaka jana aliteleza mbele ya geti lake akavunjika nyonga, na tangu hapo yeye na barafu ni paka na panya. Kwa hilo simlaumu. Alipiga simu halmashauri kila siku, mpaka katikati ya mwezi wa tatu wakaleta trekta ya kokoto za kuzuia utelezi. Lo! Walizimwaga kilima kizima, ukingo hadi ukingo, kama wanaolisha kuku.

Sleji haipiti juu ya kokoto, wifi. Vyuma vinakwama, vinasaga, na mlio si ule tena. Siku hiyo niliisukuma hadi chini kwa jasho, na dirisha la Torgeir likabaki kimya. Ndani nikakaribishwa kiti.

Kesho yake nikachukua fagio. Sijafagia hatua kumi, mwenyewe akatokea na mkongojo wake.

"Bi Aslaug! Unafagia nini?"

"Nafagia njia."

"Unafagia kokoto zangu! Nimepiga simu siku kumi na nane kuzipata!"

"Basi zichukue ukalale nazo, Mwalimu. Upande wote wa kulia nakuachia. Mimi nataka upana wa fagio tu, huku kushoto."

"Ili uteleze na hicho kiti chako kama kitoto? Huoni haya, mtu wa miaka sabini na tatu?"

"Sabini na mbili!"

Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Sababu sikumwambia. Mambo ya Torgeir si ya kutangazwa barabarani, na hasira zilikuwa zimeshanipanda. Basi ikawa hivyo wiki tatu: trekta inamwaga, mimi nafagia, yeye anatoka na ndoo anazirudisha. Watu wazima wawili hao! Mtaa mzima ulikuwa unachungulia nyuma ya mapazia.

Jumanne ya wiki iliyopita akaanguka. Alianguka palepale nilipofagia mimi, ndoo ikaruka huku, mkongojo kule. Nilikuwa dirishani na kahawa yangu. Ingunn, niliacha kikombe nikatoka mbio. Nilisema moyoni, nimeua mtu kwa fagio.

Nilimkuta amekaa kwenye barafu, mwekundu kwa hasira, nyonga salama, lakini kifundo cha mkono kimeanza kuvimba. Zahanati, kama unavyokumbuka, imepakana na nyumba ya wazee. Nikaleta sleji.

"Mimi sikai kwenye kitu hicho," akasema.

"Basi endelea kukaa hapo ulipo."

Akakaa. Mzito yule mtu, usiniulize! Nikasukuma kwa mguu mmoja, tukashuka kwenye ule ukanda nilioufagia, yeye amekumbatia mkono wake na kunung'unika njia nzima. Tulipokaribia kona, dirisha likasema:

"Aslaug! Leo umebeba nini? Vyuma vinalia vizito. Usiikate hiyo kona!"

Halvard akageuza shingo, akalitazama dirisha, akanitazama mimi.

"Nilisikia Torgeir hamjui mtu tena."

"Mlio wa sleji anaujua," nikamwambia. "Nikija kwayo, ananijua na mimi."

Nilipomshusha mlangoni pa zahanati akasema, "Ungeniambia, mama wewe." Nikamjibu, "Ungeuliza." Nililia kidogo wakati wa kurudi, kwa hasira tu nadhani.

Mkono uliteguka, haukuvunjika, Mungu mkubwa. Ile misumari ya viatu ya Synnøve nimempa yeye. Lakini usidhani nimepumzika, kwa maana sasa ninaye msaidizi! Alipiga simu halmashauri wamwage upande wa kulia tu, wakamjibu trekta haijui kulia wala kushoto. Basi kila siku saa mbili asubuhi anasimama katikati ya ukanda wangu, amevaa kizibao cha njano, mkongojo juu, mpaka dereva amzunguke. Kisha ananisimamia nikifagia zile zilizoruka. "Pale umeacha mbili, Bi Aslaug." Kokoto mbili! Nikimfukuza haondoki.

Na sasa lile neno ulilomalizia barua yako, kwamba kila Jumapili unatuombea jua. Asante, najua ni upendo. Ila redio imesema upepo wa joto unakuja Jumamosi. Juu kilimani lami imeshatokea, nyeusi, upana wa mkeka, na sleji inakwama hapo. Jana nilichukua koleo, nikachota theluji kutoka lile lundo lililoziba dirisha langu la jikoni, ile niliyoitukana tangu mwezi wa kumi, nikaibeba mpaka pale penye lami, nikaitandaza na kuikanyaga igande usiku. Halvard aliniona kutoka getini kwake. Nilingoja anisahihishe. Akaingia bandani, akatoka na koleo lake, akawa anachota kwa mkono mmoja.

Kwa hiyo, wifi yangu, jua usituombee kwanza.

Msalimie sana Reidar, umwambie avae kofia. Synnøve akikupigia, hujui lolote. Torgeir siwezi kukwambia kwamba anakusalimu, lakini juzi, katika ile nusu saa yake, alisema Ingunn alikuwa akipenda kupanda kwenye kiti cha mbele na kupiga kelele. Alicheka aliposema hivyo.

Mungu awatunze katika joto lenu, na sisi atuachie baridi yetu walau wiki moja zaidi.

Ni mimi wifi yako nikupendaye, hata nikiwa na kisirani,

Aslaug